Daftari la Besiboli Arithi Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu ujana wangu nimeitumikia timu yetu ya besiboli ya ridhaa kwa kuchora mistari ya chokaa, kutunza magongo na glovu, na kuandika alama za kila mchezo. Sasa nina miaka 71, magoti yanakataa kuinama, na vijana wananihimiza nipumzike. Je, nijiondoe kabisa?
Mzee wa Chokaa

JIBU: Shikamoo, Mzee. Kuhusu chokaa, vijana wako wanasema kweli. Kuvuta kamba na kuchora mistari katika uwanja ambao besi moja (kituo cha mkimbiaji) iko mita 27.43 kutoka nyingine ni kazi ya mgongo mzima, na mwenye nguvu yeyote atajifunza kwa siku moja. Daftari la alama ni jambo jingine, wala usikubali kuliacha kabla halijapata mrithi.

Wewe unajua, ila wasomaji wengine huenda hawajui, kwamba kila mchezaji wa ulinzi ana namba yake ya kuandikiwa: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi 9. Anayeona 6-4-3 katika kisanduku kimoja anaelewa kwamba mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu aliuokota mpira, akampa mwenzake wa besi ya pili, naye akaupeleka besi ya kwanza, wapinzani wawili wakatoka kwa mkupuo. Herufi K ni ya mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoshindwa kuipiga vyema. Ikigeuzwa, ina maana kwamba ya tatu aliitazama tu ikipita (aibu ndogo hiyo, lakini huandikwa). Alama hiyo ya K ni urithi wa Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti wa karne ya 19 nchini Marekani. Ligi za kulipwa zina waandishi wake rasmi, lakini mchezo wa ridhaa usipoandikwa na mtu kama wewe, hauandikwi kabisa.

Daftari hulinda mikono pia, kwa maana wingi wa mirusho huumiza viwiko na mabega ya chipukizi. Katika Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzia Marekani, kikomo cha mrushaji wa miaka 11 au 12 ni mirusho 85 kwa siku, na kikomo hicho hakina maana pasipo mtu wa kuhesabu.

Kwa hiyo mkaribishe kijana mmoja akae kando yako, aandike yeye, nawe usahihishe baada ya iningi (kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga) kwisha, bila kumpokonya kalamu. Funguo za stoo na fedha za timu zikabidhi msimu huuhuu, maana mtu wa kujitolea anayeshika kila kitu, hata kwa mapenzi, huwaacha wenzake bila uzoefu. Madaftari ya zamani yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala zake zitunzwe na watu wawili tofauti.