Usilipie kifurushi chote! Maliza kitabu cha kwanza kwanza

Wewe, toa kidole kwenye hicho kitufe cha kulipia. Umeandika kwamba umesoma sura mbili za riwaya ya safari za anga za juu, mwandishi anajichapishia mwenyewe, umenogewa, vitabu vyote tisa vinauzwa pamoja kwa punguzo linaloisha usiku wa leo, na kuna mtu amekuambia uvinunue vyote. Tena unauliza usomee kwa simu au ununue Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali. Hilo tutalifikia. Kwanza kidole.

Mimi nilinunua kifurushi cha aina hiyo mwanzoni mwa 2024. Wenye kumbukumbu wanajua dola ilikuwa imepanda hadi karibu shilingi 160. Nikalipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa huku nikimwambia mke wangu huo ni uwekezaji. Mpaka leo akiniona na simu ananiuliza gawio linaingia lini.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kitamu, siwezi kukisingizia. Chombo kikuukuu cha mizigo, wafanyakazi wanaodaiana pesa wote kwa wote, na mama mmoja fundi wa injini anayetengeneza kila kitu kwa waya na matusi. Hesabu zake pia mwandishi alizijua. Ujumbe wa redio kutoka Mirihi huchukua kama dakika 3 kufika Duniani sayari zikiwa karibu, na hata 22 zikiwa mbali, basi ugomvi mzima wa nahodha na tajiri wake ukajengwa juu ya huko kungojana. Mtu anatukana, kisha anaketi kusubiri tusi lake lirudi. Nilicheka ndani ya matatu ya Thika Road hadi nikapita Roysambu, nikajikuta Githurai na konda anadai nauli ya ziada.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu wa raha zangu.

Ila nilikuwa nimeshalipia vyote. Cha pili kilikuwa cha kawaida. Katika cha tatu, nahodha tuliyempendea madeni yake akawa jenerali wa kuhutubia. Katika cha nne yule mama fundi akafa, tena hatukumwona akifa, tunasimuliwa tu na mhusika anayekunywa chai. Hapo mtu mwenye akili anafunga kitabu. Mimi nikaendelea, kwa sababu pesa ilishatoka. Nilisoma kama mtu anayerejesha mkopo wa chama: kurasa kadhaa kila usiku, uso umekunjwa, vita vya angani naviruka ili nifike mwisho. Na mwisho wenyewe? Mlango wa chombo unafunguka, kuna mtu nje, basi. Hakuna cha kumi. Mwandishi amehamia kwenye riwaya za mazimwi.

Yeye simlaumu. Anayejichapishia hana mkataba wa kumlazimisha amalize mfululizo. Wasomaji wakipungua kati ya kitabu na kitabu, anakwenda penye ugali. Kinachoniuma zaidi ya shilingi ni kile cha kwanza. Nimejaribu kukirudia, siwezi. Kila yule mama akitoa tusi namwona anavyoishia.

Ninayemlaumu ni msimamizi wa kundi la wasomaji nililokuwemo, yule mwenye picha ya galaksi kwenye wasifu. "Nunueni vyote, mfululizo umekamilika, hamtajuta." Nikaja kugundua mambo mawili. Hakuwahi kuvuka kitabu cha pili. Na kiungo alichotuwekea kilikuwa na mkia mrefu wenye neno "tag", maana yake kila tuliponunua alipata kamisheni. Mtu anakula asilimia yake kwa kumuua fundi wangu! Nilipomuuliza, akanitoa kundini. Afadhali, kelele zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo shika hili moja: usinunue cha pili kabla hujamaliza cha kwanza. Hata kikiwa nusu bei, hata saa ya punguzo ikihesabu sekunde. Waandishi hawa wenyewe wamelipanga hivyo, ndiyo maana cha kwanza mara nyingi ni bure au senti 99 za dola, uonje uone. Mwandishi Andy Weir aliiweka riwaya yake The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake bila malipo, baadaye akaiuza kwenye duka la Kindle kwa senti 99, na waliomfikisha kwa wachapishaji wakubwa na hadi sinema ya 2015 ni watu waliosoma kitabu kimoja wakamaliza. Hakuna aliyewauzia tisa kwa mkupuo.

Tena kumbuka hiki si kitabu cha mitumba cha kuinamia barabarani Tom Mboya Street, ambacho kikikushinda unamrudishia muuzaji, unaongeza kidogo, unaondoka na kingine. Cha kidijitali umepewa ruhusa ya kukisoma tu. Huwezi kukiuza, huwezi kumbadilishia jirani. Vyangu bado viko kwenye simu, vinajaza nafasi ya picha za watoto.

Hilo punguzo lisikutoe jasho. Langu pia lilikuwa "linaisha usiku wa leo", na mwezi uliofuata lilirudi na bei ya chini zaidi, nikakaa kimya mke wangu asijue.

Simu inatosha, Kindle ya nini. Na huyo aliyekuambia ununue vyote tisa, nibandikie hapa kiungo alichokupa. Nataka kuuona mkia wake.