Gugu Maji Kwenye Nyavu

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wavuvi wa Mwanza wakati mwingine huhamisha mitumbwi na nyavu kutoka Ziwa Victoria kwenda kuvua mabwawani. Tufanyeje tusisambaze gugu maji?

JIBU: Ndugu msomaji, gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, halingoji mbegu ili lienee, kwani kipande cha shina kilichonasa kwenye jicho la wavu, kikiwa bado kibichi, chatosha kuchipua mmea mpya, na mbegu zake hukaa hai topeni kwa miaka mingi. Kabla ya kuondoka mwaloni, kung'uteni nyavu, osheni tope, mwageni maji ya mtumbwini, kisha anikeni vyote juani vikauke kabisa. Nawasihi pia msilihamishie bwawani kwa kupendezwa na maua yake ya zambarau, kwa kuwa uzuri huo ndio uliolisafirisha katika nchi nyingi.