Rudi kwenye mstari uleule: kwa mnaoanza kupima kina cha bahari

Kazi yangu ya kwanza ya kupima kina ilikuwa kwenye lango la bandari ndogo lililokuwa likichimbwa mchanga. Tulipima kabla mtambo haujaanza, tukapima tena ulipomaliza. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyokuwa malipo ya mkandarasi, kwa kila mita ya ujazo.

Hatukusimika ubao wenye vipimo wa kusomea kimo cha maji pale langoni. Tulitegemea jedwali la kujaa na kupwa la bandari kubwa iliyo mbali, na tukakosea kwa sentimita 30. Ni kama urefu wa rula ya shule. Lakini eneo lilikuwa hekta 4, na ukizidisha unapata mita za ujazo 12,000 za mchanga ambao hakuna aliyeuchimba. Ugomvi ule ulichukua miezi.

Kwa hiyo wadogo zangu, simikeni ubao palepale mnapopima na mweke mtu wa kuusoma kila dakika 10, hata mkiambiwa mnapoteza muda. Dar es Salaam maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Jedwali la mahali pengine halitawaokoa.

Kisha angalieni mwendo wa sauti, maana kipima kina hutuma sauti hadi chini na kuhesabu muda wa mwangwi wake kurudi. Vipima kina vingi huja vimewekwa mita 1,500 kwa sekunde, lakini kwenye maji yetu ya chumvi yenye joto la nyuzi 30 sauti hukimbia karibu mita 1,545. Penye kina cha mita 20, chombo kitakuonyesha pungufu ya nusu mita na zaidi. Shusheni bamba la chuma kwa mnyororo uliopimwa, chombo kilione, ndipo mrekebishe. Fanyeni hivyo asubuhi na jioni, na karibu na mdomo wa mto wakati wa masika msichoke kurudia.

Hayo ni ya chombo. Lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa nililisikia kwa nahodha mmoja mzee, ambaye bado alikuwa na bildi yake, ile kamba yenye uzito wa risasi ya kupimia kina, mashuani mwake. Nilimwonyesha ramani yangu mpya. Akaweka kidole juu ya fungu moja la mchanga, akasema, "Mwanangu, hili ni la kusi. Njoo kaskazi uone kama utalikuta."

Nilirudi msimu wa kaskazi. Fungu lilikuwa limesogea.

Uholanzi wameligeuza jambo hilo kuwa kazi ya serikali. Tangu 1965 wanapima pwani yao kila mwaka kwa mistari ileile, kuanzia kwenye vilima vya mchanga hadi chini ya maji. Ndiyo maana mwaka 2011 waliweza kumwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga mahali pamoja, kusini mwa The Hague, wakauachia upepo, mawimbi na mkondo kazi ya kuusambaza ufukweni. Walikuwa na miaka zaidi ya 40 ya vipimo kuwaonyesha mchanga wao huenda wapi.

Kila nikisoma vipimo vile naikumbuka Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Bahari imekula ufuo pale mpaka majengo yakaanguka, na kwa miaka mingi watu wamebishana: ni mchanga unaochotwa mitoni, ni mwamba uliovunjwa kwa baruti, au ni kuta za mawe zinazomsukumia jirani balaa? Laiti tungekuwa na mistari 20 tu iliyopimwa kila mwaka tangu enzi hizo! Naumia ninapoliwaza hilo.

Ukipewa kazi ya kupima, basi, jenga alama ya zege nchi kavu, mbali na mawimbi, na uandike mstari unaanzia wapi na unaelekea nyuzi ngapi. Kwenye faili weka tarehe, msimu, na sifuri uliyotumia kuhesabia kina. Usimpe mteja picha yenye rangi peke yake, mpe na namba ghafi, na nakala moja uiache kwenye ofisi ya serikali ya mahali hapo. Mwaka ujao, mwezi uleule, rudi.