Kuunganisha data za KDHS za miaka tofauti: shida iko kwenye uzito kabla haijafika kwenye modeli

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili nisije nikajibu lingine. Unataka kujua kama matumizi ya uzazi wa mpango kwa wanawake maskini wa Kenya yamepanda. Umechukua faili za wanawake za KDHS (uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Kenya, ulio sehemu ya mpango wa kimataifa wa DHS) za 2008-09, 2014 na 2022, ukaongeza ya Tanzania ya 2022, ukazibandika zikawa faili moja. Sasa asilimia ya wanaotumia uzazi wa mpango unayopata hailingani na ripoti yoyote, na msimamizi wako amekuuliza asilimia hiyo ni ya nani, ukakosa jibu. Swali lake ndilo lenyewe. Faili hizi nimezishika kwa miaka hapa Nairobi, kwanza nikisafisha data za wenzangu, siku hizi nikikagua kazi za vijana wa uzamili wanaopitia ofisini kwetu, na wengi hukwama papo hapo. Wanakimbilia rigresheni, yaani modeli ya kupima uhusiano, kabla hawajajua wamejumlisha nini na nini.

Tuanze na uzito wa sampuli, namba inayosema jibu la kila mhojiwa lihesabiwe kwa nguvu gani; kwenye faili inaitwa v005. Unasema uliugawanya kwa milioni moja kama mwongozo unavyoelekeza. Sawa. Lakini uzito huo umesawazishwa ndani ya kila uchunguzi ili jumla yake iwe idadi ya wanawake waliohojiwa. Haujui nchi ina wanawake wangapi. Ukifanya kazi na uchunguzi mmoja hilo halikusumbui, asilimia zinatoka vizuri. Balaa huanza ukiunganisha. KDHS 2008-09 ilihoji wanawake 8,444. Ya 2014 ilihoji 31,079, kwa kuwa baada ya ugatuzi ilibidi kila moja ya kaunti 47 ipate takwimu zake. Kwa hiyo kwenye faili yako ya pamoja, 2014 ina sauti karibu mara nne ya 2008-09, ilhali wanawake wa Kenya hawakuongezeka mara nne kwa miaka mitano. Kilichokua ni sampuli.

Piga hesabu uone. Kwa wanawake walio katika ndoa, ripoti zinasema waliokuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango ni asilimia 46 mwaka 2008-09 na asilimia 58 mwaka 2014. Ukizipa chunguzi hizo mbili nguvu sawa, wastani ni 52. Ukiacha uzito ulivyo, na tuchukulie sehemu ya walioolewa inafanana, unakaribia 55. Pointi tatu zimetoka hewani, kwa sababu tu mwaka mmoja ulihoji watu wengi zaidi. Ongeza 2022 yenye wanawake 32,156 na asilimia 63, uone 2008-09 inavyomezwa.

Tanzania nayo umeionea. Uchunguzi wao wa 2022 ulihoji wanawake 15,254, chini ya nusu ya wetu wa mwaka huo huo. Lakini sensa yao ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na yetu ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Nchi kubwa imepata sauti ndogo. Na nchi hizi mbili hazifanani hata kidogo kwa uzazi: mwaka 2022 wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 3.4 Kenya na 4.8 Tanzania. Ukiita tokeo lako "wastani wa Afrika Mashariki", unawaonyesha watu Kenya iliyovalishwa jina la jirani.

Kurekebisha si kazi ngumu. Kwa kila uchunguzi, zidisha uzito kwa idadi ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wa nchi hiyo mwaka huo, kisha gawanya kwa idadi ya waliohojiwa. Idadi ya wanawake utaipata kwenye makadirio ya watu ya Umoja wa Mataifa. Njia ya pili ni kuzipa chunguzi zote uzito sawa. Ukiniuliza ipi ni sahihi, nitakurudisha kwa msimamizi wako: hiyo asilimia ni ya nani? Kama unataka kumzungumzia mwanamke wa kawaida katika nchi zote mbili, tumia idadi ya watu. Kama unachunguza iwapo uhusiano fulani unajirudia toka uchunguzi mmoja hadi mwingine, uzito sawa unatosha. Andika uamuzi wako kwenye sura ya mbinu na sababu yake. Mtahini atakubishia uamuzi, lakini hatakusamehe kutokuwa nao.

Halafu hakikisha hujachanganya vigawanyo, yaani makundi ambayo asilimia zinahesabiwa kutoka kwayo. Asilimia 63 ya ripoti ni ya wanawake walio katika ndoa, na kwa KDHS ndoa inajumuisha wanaoishi pamoja kama mke na mume hata kama hakuna harusi wala mahari iliyokwenda. Nikitazama ulichoandika, naona umewahesabu wanawake wote, pamoja na msichana wa miaka 15 aliyeko bweni. Hapo peke yake unaanguka chini ya ripoti kabla hata uzito haujaingia.

Namba za vishada (maeneo madogo ambamo kaya za kuhojiwa huchaguliwa), v021, zinaanza upya kila uchunguzi. Kishada namba 15 cha 2014 na kishada namba 15 cha 2022 havina undugu wowote, lakini kompyuta itawaweka wahojiwa wao mtaa mmoja na makosa sanifu yako, yaani kipimo cha makadirio yanavyoyumba kwa bahati ya sampuli, yatakuwa ya uongo. Tengeneza kitambulisho kipya kinachobeba namba ya uchunguzi mbele yake. Fanya vivyo hivyo kwa matabaka ya sampuli, yaani mafungu ambayo vishada huchaguliwa ndani yake. Na usitumie mwaka wa mahojiano, v007, kutofautisha chunguzi: ule wa 2008-09 ulianza Novemba 2008 ukavuka mwaka, kwa hiyo utaukata vipande viwili. Zipe chunguzi namba 1, 2, 3 wewe mwenyewe.

Sasa nifike kwa "wanawake maskini", maana swali lako lote limesimama hapo. Umechukua v190, makundi matano ya utajiri, ukasema matumizi kwa kundi la chini yamepanda kati ya 2008-09 na 2022. Yamepanda, sikatai. Lakini kundi la chini la 2008-09 si lile la 2022. Kipimo hicho hutengenezwa upya kila uchunguzi kutokana na mali za kaya, kama umeme, sakafu, choo, simu na televisheni, kwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu, mbinu inayofupisha mali nyingi kuwa alama moja, kisha watu hupangwa na kukatwa vipande vitano vilivyo sawa. Daima kutakuwa na asilimia 20 chini, hata nchi nzima ikitajirika. Ni kama namba moja darasani: namba moja wa shule ya kijijini na namba moja wa shule ya jijini wote ni namba moja, na hujui bado nani anajua hesabu zaidi.

Chukua umeme. Sensa ya 2009 ilikuta chini ya robo ya kaya za Kenya zikitumia umeme kwa mwanga. Ya 2019 ikakuta nusu. Taa ya umeme iliyokutofautisha na majirani mwaka 2008 leo haikutofautishi na mtu. Halafu kuna Nairobi. Familia inayopanga chumba kimoja Pipeline, mtaa wa maghorofa ya kupanga, choo cha kumwaga maji kinatumiwa na ghorofa nzima, lakini ina umeme, televisheni na sakafu ya saruji, inaweza kupangwa kwenye kundi la juu kitaifa, pamoja na wa Lavington, mtaa wa matajiri. Mtu akiniambia amelinganisha tajiri na maskini ndani ya Nairobi kwa v190 ya kitaifa, faili yake siifungui.

Unachoweza kufanya ni kutengeneza kipimo kimoja kwa chunguzi zote ukitumia mali zilizoulizwa kwa namna ile ile kila mwaka, uziweke pamoja, kisha ukate mara moja. Utapata "maskini" wenye maana moja, na idadi yao itapungua kadiri miaka inavyokwenda, jambo ambalo ni habari yenyewe. Au baki na v190 lakini useme wazi kwamba unazungumzia nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake wa mwaka huo. Yote mawili yanakubalika. Kuyachanganya katika aya moja ndiko kusikokubalika.

Mipaka pia inahama. Chunguzi za hadi 2008-09 zilipanga mikoa minane, za 2014 na 2022 zinapanga kaunti. Kaunti unaweza kuzirudisha kwenye mikoa ya zamani, lakini mkoa huwezi kuupasua kuwa kaunti. Na anayetaka kurudi nyuma kabla ya 2003 ajue kwamba Kaskazini Mashariki yote, pamoja na Turkana, Samburu, Marsabit na Isiolo, haikuwemo. Wastani wa watoto ulionekana kupanda kutoka 4.7 mwaka 1998 hadi 4.9 mwaka 2003, na kabla hujaandika sura nzima juu ya sababu, ondoa kaskazini kwenye 2003 kwanza, upime tena.

Jambo la haraka kuhusu 2014, maana naona vigeu vyako vingine (safu za majibu kwenye faili) vina matundu: nusu ya kaya zilipewa hojaji ndefu, nusu nyingine fupi. Matundu hayo ni maswali ambayo hayakuulizwa. Usiyajaze kwa sifuri.

Na yule mwenzetu mwingine aliyeuliza namna ya kulinganisha kudumaa kwa watoto, yaani kuwa wafupi kuliko umri wao, kati ya miaka tofauti: viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilitoka 2006. Ripoti ya 2003 ilitumia kigezo cha zamani cha Marekani, ambacho huonyesha kudumaa kuwa kidogo kuliko hali ilivyo kwa kigezo kipya. Usichukue namba ya ripoti ile ukaiweka kando ya asilimia 26 ya 2014 na 18 ya 2022. Kokotoa upya kutoka kwa urefu na umri wa watoto. Ukiongeza Ethiopia, tarehe zao ziko kwa kalenda yao. DHS huandika tarehe kama namba ya miezi, kwa hiyo ongeza miezi 92 kwenye namba zao kabla ya kuzilinganisha na zetu.

Kwa tasnifu yako, Tanzania ningeiacha. Hujaeleza inakusaidia nini, na swali lako ni la Kenya. Kwa miaka mitatu ya Kenya, wala sihitaji wastani wa pamoja: ningetoa asilimia ya kila uchunguzi kivyake, nihakikishe inalingana na ripoti, kisha nipime tofauti. Sampuli ni tofauti, kwa hiyo kosa sanifu la tofauti ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa sanifu mawili. Usijiambie hakuna mabadiliko eti kwa sababu mipaka ya uhakika, yaani ya chini na ya juu kuzunguka kila asilimia, imegusana. Inaweza kugusana na tofauti bado ikawa ya kweli. Modeli ya pamoja ije baadaye, ikiwa na kigeu cha uchunguzi na mwingiliano wake na umaskini, yaani kama mabadiliko kwa maskini yanatofautiana na ya wengine, kwa kuwa huo mwingiliano ndio jibu la swali lako.

Na pakua miongozo yote pamoja na data, uiweke mahali pako. Tangu ufadhili wa Marekani kwa mpango wa DHS uliposimamishwa Februari 2025, singemshauri mtu kutegemea kwamba tovuti itakuwa hewani wiki ya kutetea tasnifu. Ukishapata 46, 58 na 63 kila moja kwenye faili yake, rudi hapa na jedwali tuendelee na modeli. Usipozipata, weka msimbo wako tuone uliwaacha wapi walioolewa.