Maua ya kudumu kwa udongo wa matumbawe

Dadangu, umesema kwako Nyali, Mombasa, mbele ni mchanga na mawe ya matumbawe, nyuma kwenye bomba maji yanatuama, na kila ua ukipanda lageuka manjano. Sidhani ni maji. Chukua gao la udongo wa mbele mwagia siki, ukiona povu basi una chokaa tele, na ikizidi mmea haupati chuma hata umwage samadi lori zima. Ndo maana maua yako ya iksora jani manjano mishipa kijani.

Hapo mbele usipigane na udongo, weka ua la vinka, ile ya pinki na nyeupe, mchanga na hewa ya chumvi haiisumbui kabisa, ila ina sumu so watoto wasitafune. Shubiri pia. Mchaichai nao unakubali ukichanganya mboji kidogo, halafu si chai unapata bure bana.

Nyuma sasa ndo raha. Maua ya kana na magimbi yanapenda miguu majini, na kana ukipanda kipande kimoja cha tunguu, lile shina la chini ya udongo, kitajaa chenyewe hadi ugawie majirani, kikizeeka kata mpaka chini kitachipua tena. Vinka usiipeleke huko, itaoza mizizi.

Maji ya kisima onja kwanza, yakiwa ya chumvi kumwagia kila siku utaunguza majani. Na usipande sasa na hili jua la kaskazi, ngoja masika, mwezi wa nne hivi.