Maswali na Majibu: Bei ya Haki ya Gari la Zamani

Mzee mmoja jirani yangu hapa Isevya, Tabora, anauza Volkswagen Beetle iliyokaa chini ya mwembe tangu alipostaafu. Anadai bei ya gari linalotembea, kwa kuwa lake ni la kihistoria. Nimpe kiasi gani?

Umri peke yake haupandishi thamani. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Meksiko mwaka 2003, na kinachozitofautisha leo ni bodi. Injini yake iko nyuma, haina rejeta kwa kuwa hupozwa kwa hewa, na fundi mzoefu huishusha bila taabu kubwa. Lakini sakafu iliyooza ni kazi ndefu ya kukata na kuchomelea, na anayeifanya vizuri hapatikani kila mtaa. Kwa hiyo inua kwanza kiti cha nyuma, maana betri hukaa hapo na tindikali yake hula bati kimyakimya, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye bati lililo chini ya milango: inapokataa kushika, pamezibwa kwa puti.

Ulizia Beetle nzima yenye kadi inauzwaje, umwombe fundi akuandikie gharama za kuifikisha hii hapo, uzitoe, halafu upunguze kiasi kingine kwa ajili ya kasoro zitakazoonekana gari likishafunguliwa. Mwonyeshe mzee karatasi hiyo kwa heshima. Amelitunza gari lake miaka mingi, na hastahili kudhaniwa tapeli kwa sababu tu analipenda.

Kwa safari za kila siku Nzega mjini, nichukue Beetle au Corolla KE70?

Corolla. Injini yake ni ya jamii ya K, ambayo Toyota iliiweka pia katika Liteace, kwa hiyo spea zake ni rahisi zaidi kupatikana. Beetle inunuliwe na mwenye subira.

Nipo Ujiji. Nimeonyeshwa pikapu ya Peugeot 504 ya bei nafuu iliyokuwa ikibeba chumvi kutoka Uvinza. Je, sifa ya ugumu wake ni ya kweli?

Ni ya kweli: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hata hivyo, chumvi iliyolowa haichagui jina. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi, uchome hasa sehemu zinazobeba springi za nyuma na viungo vya karoseri. Bisibisi ikizama, liache hata kama injini inaunguruma vizuri.

Kadi ya gari ninalolitaka hapa Kasulu ina jina la marehemu, na mwanawe yuko tayari kuniandikia hati ya mauzo. Inatosha?

Haitoshi. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na bila uteuzi huo utakwama TRA utakapotaka umiliki uhamishwe, huku ndugu wengine wakiwa na haki ya kukudai. Linganisha pia namba za chesisi na injini na zile za kadi kwa macho yako mwenyewe, si kwa maneno ya dalali. Gari lisilohamishika hulipiwa kama vipuri, kwa sababu ndivyo utakavyoweza kuliuza. Familia ikiwa na nia njema itafungua mirathi. Hadi hapo usitoe hata malipo ya awali.