Maswali yenu: domeni yangu ina bei gani, na picha mbona zinagoma kufunguka?

Wadau habari za siku. Maswali yamejaa kwenye simu na mengi yanarudi palepale, bei za domeni (yaani jina la anwani ya tovuti, lile linaloishia na .com na wenzake) na picha zinazogoma kufunguka, kwa hiyo leo nayajibu hayo kwa pamoja. Nimeyafupisha kidogo ila maneno ni yenu.

"Kaka, nina domeni ya .com ya maneno mawili ya Kiswahili, niliisajili 2019. Nimeiingiza kwenye tovuti ya kukadiria bei ikaniambia dola 2,400. Niipeleke wapi niuze?" (Mwanza)

Hiyo 2,400 usiipigie hesabu kabisa. Ile ni mashine, inaangalia jina lina urefu gani, linaishia na .com au kitu kingine, maneno yaliyomo yanatafutwa kiasi gani, majina ya kufanana nalo yaliuzwaje huko nyuma, halafu inatema namba. Na mauzo yenyewe inayojifunzia mengi ni ya Kiingereza, Kiswahili chako haikijui, inaweza ikaokota silabi mbili za katikati ikadhani ni neno la Kiingereza ikapandisha bei. Weka jina hilohilo kwenye tovuti tatu tofauti uone, utaletewa bei tatu ambazo hazijuani.

Domeni ni kama kiwanja, bei yake ni ile ambayo mtu mmoja anayekitaka yuko tayari kuitoa siku hiyo. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, kampuni ya MicroStrategy waliwauzia kampuni ya Block.one, na Block.one walikuwa wanaandaa mtandao wa kijamii wenye jina hilohilo na hela walikuwa nayo. Business.com ilienda kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999. Watu wanasikia hizi habari wanasajili majina 40 wanakaa kusubiri mnunuzi, na majina yanakula hela kila mwaka, maana Verisign wanaoshika daftari kuu la .com walipandisha bei ya jumla hadi dola 10.26 kwa jina Septemba 2024, hapo msajili wako, yaani kampuni inayokuuzia jina, hajaweka cha kwake. Majina 40 ni zaidi ya dola 400 kwa mwaka, na hakuna hata aliyepiga simu kuulizia.

Mimi ningekuwa wewe ningekaa na kalamu, niandike biashara kumi ambazo hilo jina lingewafaa kweli, niangalie sasa hivi wanatumia anwani gani. Ukikuta mwenye duka kubwa la vifaa anatumia jina refu lenye vistari viwili katikati, huyo ndiye mtu wako, mwandikie kwa heshima, mtajie bei anayoweza kuitoa mfukoni. Tovuti ya NameBio inaonyesha domeni zilizouzwa kweli na bei zake, pitia kabla hujataja yako. Na hela zipite kwa mtu wa kati kama Escrow.com, usihamishe jina kwa ahadi ya "nakutumia kesho".

Halafu hapa nisikilize vizuri kaka. Ukishatangaza tu kwamba unauza utapata imeili ya mtu anayejifanya mnunuzi, anaikubali bei yako bila kubishana, ila anasema bosi wake anataka kwanza cheti cha ukadiriaji kutoka tovuti fulani na anakutumia na linki. Cheti unalipia wewe. Ukishalipa mnunuzi anapotea, kwa sababu tovuti ya cheti ni ya kwake. Wizi huu ni wa miaka mingi na bado unakamata watu kila siku.

"Fundi aliyenitengenezea websaiti ya kampuni yangu ya utalii alisajili domeni kwa jina lake. Tumekosana, sasa anataka dola 500 ndiyo aniachie. Nifanyeje?" (Arusha)

Pole sana dada yangu, na hili swali limenigusa kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2016 nilimpa kijana mmoja hela ya domeni na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), akasajili kila kitu kwa imeili yake, na mimi sikuuliza kwa sababu tovuti ilikuwa inafunguka na niliridhika. Mwaka wa pili namba yake haipatikani. Nikakaa naangalia tarehe ya kuisha inasogea, siku 30, siku 12, siku 3, na sina pa kulipia kwa sababu akaunti si yangu, msajili kila nikimwandikia ananijibu kwamba mteja anayemjua ni mwenye imeili ile. Jina lilikufa. Lile jina lilikuwa kwenye mihuri, kwenye bango, kwenye tisheti za wafanyakazi.

Kwako bado kuna nafasi maana fundi anapatikana. Leo hii ingia lookup.icann.org uandike domeni yako. Jina la mwenye mali huenda limefichwa, toka 2018 mengi yamefichwa, ila utaona msajili ni nani, inaisha lini, na kama ina kufuli la kuzuia kuhamishwa. Piga picha huo ukurasa. Kusanya risiti za M-Pesa, jumbe za WhatsApp ulizomwambia anunue jina, leseni ya biashara yenye jina hilo. Kisha mwandikie barua ya kawaida, bila matusi, ukimtaka aondoe kufuli na akupe namba ya siri ya kuhamishia. Akikataa mwandikie msajili na ushahidi wako wote, na kama jina linaishia na .tz au .ke unapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa hayo majina, Kenya ni KeNIC. Kampuni yako ikiwa na alama ya biashara iliyosajiliwa unayo pia njia ya UDRP, huo ni utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, toka 1999 wa kuamua migogoro bila kwenda mahakamani, lakini ada yake mara nyingi inazidi dola 1,000, kwa hiyo ukipatana naye kwa bei ndogo umeokoa hela.

Na wengine mnaosoma hili, fungueni akaunti ya msajili wenyewe, kwa imeili yenu wenyewe, na isiwe imeili inayokaa ndani ya domeni hiyohiyo, maana jina likizimika na imeili inazimika nalo na huwezi hata kubadilisha nywila. Fundi mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi yake, lakini akaunti ibaki mkononi mwako.

"Nimesahau kulipia .com yangu, imepita wiki tatu. Imeenda?" (Dar)

Haijaenda, lipia sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Kwa .com, baada ya tarehe kupita msajili anaweza kukuachia mpaka siku 45 ulipe bei ya kawaida, ingawa wengine wanakupa chache zaidi na wengine wanaanza kuinadi mapema. Baada ya hapo kuna siku 30 za kukomboa na huko unalipa faini juu ya bei, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa ambazo huwezi kufanya kitu, kisha inaanguka na mtu yeyote anaichukua. Kuna mitambo inayokesha kusubiri dakika hiyo.

"Nichukue .co.ke au hizi .io na .ai ambazo vijana wa teknolojia wanazipenda?" (Nairobi)

Kama wateja wako wako Kenya chukua .co.ke, na .com yake pia kama iko wazi. Hizo herufi mbili ni za nchi na maeneo, .ai ni ya kisiwa cha Anguilla, .tv ni ya Tuvalu, .io ni ya visiwa vya Chagos kule Bahari ya Hindi ambavyo Uingereza na Mauritius wamevutana navyo miaka na miaka. Anguilla sasa hivi wanakula vizuri kwa sababu ya hii akili bandia (AI), na sheria na bei za jina lako ukiwa huko wanapanga wao. Kwa biashara ya kawaida, tuseme duka la viatu, sioni faida.

"Biashara yangu ina jina la ukoo wetu, bahati mbaya linafanana na kampuni kubwa ya nje. Wanaweza kuninyang'anya domeni?" (Nairobi tena)

Wanaweza kukusumbua, kukunyang'anya ni habari nyingine. Kule Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Uzi Nissan, Nissan ni jina la familia yake, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Kampuni ya magari ikamshitaki 1999 ikidai dola milioni 10. Kesi ilikwenda miaka, ilimla fedha nyingi sana, lakini domeni alibaki nayo mpaka anafariki 2020. Kilichomwokoa ni kwamba jina lilikuwa lake na biashara ilikuwa ya kweli, hakulisajili ili awauzie. Kwa hiyo na wewe tunza hati za biashara zinazoonyesha ulianza lini, na kwenye tovuti usiweke rangi wala nembo inayofanana na yao, wala tangazo la bidhaa wanazouza wao.

"Napiga picha za harusi. Nikiweka picha 60 za harusi moja wateja wanasema ukurasa unazunguka tu. Kuna chombo gani kizuri cha kuonyeshea picha?" (Mombasa)

Ulinitumia linki nikafungua kwa simu ya mdogo wangu, zile za bei ya kawaida, kwa bando lake. Picha ya kwanza, bibi harusi na mkono wa hina, ikaanza kushuka kama pazia, nusu ikakwama kwenye macho. Nikataka kubonyeza "wasiliana nasi", picha nyingine ikafika ghafla ikasukuma kila kitu chini, kidole kikaangukia kwingine. Nilikaa dakika mbili na picha zilizoonekana ni tisa. Bwana, picha zako ni nzuri mno na watu hawazioni.

Shida haiko kwenye chombo, iko kwenye mafaili. Umepandisha zilezile zilizotoka kwenye kamera, pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 6,000 kwa 4,000, kila moja kama megabaiti 6. Sitini mara 6 ni megabaiti 360, hilo ni bando la mtu la siku mbili tatu. Na simu nyingi upana wa kioo ni pikseli kama 1,080, kwa hiyo hizo zote 6,000 simu inazivuta, unazilipia wewe na mteja wako, halafu inazibana.

Tengeneza saizi mbili. Ndogo za kupangwa kwenye ukurasa, upana 400, hizo zitakuwa na kilobaiti 30 hivi, zote 60 hazifiki megabaiti 2. Kubwa upana 1,600, inafunguka pale tu mtu akigusa ile ndogo. Hifadhi kwa WebP, ni aina ya faili waliyoitoa Google 2010 na sasa brauza zote (programu za kufungulia tovuti kama Chrome) zinaijua, ni nyepesi kuliko JPEG kwa ubora uleule. Tovuti ya Squoosh inakufanyia hiyo kazi bure ndani ya brauza na picha haitoki kwenye mashine yako, unaburuta kamstari katikati unalinganisha kabla na baada, mimi huacha ubora kwenye 75 na kwenye ngozi ya uso sioni tofauti.

Kisha kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye kodi ya ukurasa (yale maandishi ya kompyuta yanayoutengeneza), hapo brauza inatenga nafasi mapema na ile kusukumana inaisha. Zilizo chini zipe `loading="lazy"` zisivutwe mpaka mtu asogee, lakini ile ya juu kabisa usiipe, hiyo inatakiwa iwahi. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, toka toleo la 5.5 la 2020 inaweka hilo yenyewe. Cha kufungulia picha kubwa tumia PhotoSwipe, ni bure, na mtu anakuza kwa vidole viwili kama alivyozoea kwenye simu. Na ile slaida inayojizungusha juu ya ukurasa wa mbele naomba uiondoe, weka picha moja, ile ya hina.

"Nauza keki nyumbani, napiga picha kwa simu naziweka kwenye tovuti. Ni kweli mtu anaweza kujua ninapoishi?" (Dodoma)

Inawezekana mama, kama kamera ya simu imeruhusiwa kuandika mahali. Inaingia ndani ya faili, huioni kwenye picha lakini anayejua anaisoma, mpaka nyumba. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera, na za zamani zipitishe Squoosh kama nilivyoeleza juu, inazitoa bila hizo taarifa. WhatsApp ukituma kama picha inazifuta, ukituma kama dokumenti zinabaki.

"Plagini yangu ya picha haijasasishwa miaka minne ila inafanya kazi vizuri. Niiache?" (Morogoro)

Itoe, plagini ni programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti na ikizeeka inakuwa mlango wa wezi. Kulikuwa na kifaili kinaitwa TimThumb, kazi yake kupunguza picha zikae vizuri, na mafundi wa themu (sura za tovuti zilizotengenezwa tayari) za WordPress walikiweka ndani ya themu zao, mwenye tovuti hata hajui kipo. Kilikubali kuvuta picha kutoka tovuti chache zinazoaminika kama flickr.com na blogger.com, lakini kilichokuwa kinaangalia ni kama hayo maneno yamo kwenye anwani basi. Mwizi akawa anachukua domeni yake anaweka blogger.com mbele, kitu kama blogger.com.jinalamwizi.com, kifaili kinaona blogger.com kinafungua mlango, kinaleta programu ya mwizi badala ya picha na kuiweka kwenye folda ambayo mtu yeyote wa nje anaweza kuifungua. Mtu mmoja anaitwa Mark Maunder aliligundua Agosti 2011 baada ya tovuti yake mwenyewe kuingiliwa, na tovuti nyingi sana ziliingiliwa. Zote zilikuwa "zinafanya kazi vizuri".

Jina la domeni, lile linaloishia kabla ya mkwaju (/), linasomwa kutoka mwisho kuja mbele mzee wangu, kilicho karibu na .com ya mwisho ndiye mwenye nyumba, na hilo litakusaidia hata kwenye zile jumbe za benki za uongo. Hiyo plagini usiizime tu, ifute kabisa, maana faili likibaki kwenye seva bado linaweza kuitwa. Chukua nakala ya tovuti kwanza, halafu tafuta nyingine iliyosasishwa ndani ya miezi michache, na ukikwama kuhamisha picha nitumie jina la plagini uliyonayo, nitakuelekeza hatua kwa hatua.